Sentensi Moja kwa Rais Lwitiko

Helikopta ilipotua nje ya hospitali ya vita ya Igomvu, Daktari Nakijwa Mshana alikuwa akimtoa bibi mmoja vipande vya kioo mgongoni. Bibi huyo aliitwa Sinyati. Asubuhi hiyo alikuwa amevushwa Mto Ruvesha akiwa amelala kifudifudi juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, wajukuu wakiusukuma majini kama chelezo.

"Walitupanga mistari miwili," alisema bibi, shavu lake limelalia meza. "Vijana wenye nguvu mstari huu, sisi wengine mstari ule. Wale wa kwanza wakapakiwa kwenye malori. Nikadhani na sisi tunangoja malori yetu."

"Pumzika, bibi. Usiongee sana."

"Hayakuwapo malori yetu, mwanangu."

Muuguzi Hidaya alisukuma pazia. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Daktari, una mgeni."

"Asubiri."

"Ni Rais."

Nakijwa alikidondosha kipande cha kioo kwenye bakuli la chuma. "Basi Rais asubiri."

Alimaliza kutoa vioo, akashona, akafunga bandeji, akavua glavu. Mikono yake ilikuwa imetulia muda wote wa kazi. Sasa, chini ya bomba la maji, aliisugua tena na tena, kwa maana mtu aliyekuwa akimngoja ndiye aliyemfunga mdogo wake.

Kiangi Mshana alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa reli. Mwaka mmoja kabla ya majeshi ya Kaskazini kuvuka mpaka, aliitisha mgomo, na askari wakamchukua nyumbani kwa Amri ya Utulivu, ile inayoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kesi mpaka Rais mwenyewe aone inatosha. Tangu hapo Nakijwa alikuwa amesimama kila mahali walipomruhusu kusimama, Shahidi akiwa shingoni, akimwita Rais Fabiani Lwitiko dikteta. Na kila mara taa ya Shahidi iliwaka nyeupe.

Ndiyo maana nchi nzima ilimjua. Katika nchi ile hakuna aliyeruhusiwa kupanda jukwaa la siasa bila Shahidi, utepe wa chuma unaokaa kooni na kusikiliza pumzi, mapigo ya damu na neva za msemaji. Mdomo na moyo vikikubaliana, taa huwaka nyeupe. Vikigombana, huwaka nyekundu. Shahidi hakupima ukweli wa mambo. Alipima kama msemaji anaamini anachosema, na mtu aliyekwisha kujidanganya mwenyewe aliwaka nyeupe kama malaika. Lakini watu walikuwa wameishi miaka mingi na sauti za kughushi na picha za kughushi, hata mama hakuwa na hakika kama anayempigia simu ni mwanawe. Hicho kidogo walichopata walikishika kwa mikono miwili.

*

Rais aliketi katika stoo ya mashuka, juu ya marobota, kwa kuwa vyumba vingine vyote vilijaa majeruhi. Alikuwa mfupi kuliko picha zake, mafua yamembana, leso mkononi. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu aliyekumbatia mkoba. Huyo alikuwa Mwantumu Kiloko, meneja wake wa kampeni.

Nakijwa aliingia akasimama mlangoni.

"Hata shikamoo, Daktari?" aliuliza Rais.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mama yako alikulea vizuri."

"Mama yangu alikufa akimngoja Kiangi arudi."

Rais alipenga kamasi, akaikunja leso polepole. "Nisingekuja kama ningekuwa na pengine pa kwenda," alisema. "Jumapili nitashindwa. Unakumbuka nilisimama nikasema tutawafukuza adui kabla ya masika? Taa ikawaka nyekundu mbele ya nchi nzima. Tangu siku hiyo hata nikisema habari za asubuhi, watu hawanitazami usoni, wananitazama shingoni."

"Ulijua hatuwezi."

"Nilijua. Nilitaka wapate usingizi." Akakohoa. "Jaji Makungu atashinda, na atasaini mkataba wa kumaliza vita. Kaskazini wanataka Ng'ambo yote, toka mto mpaka milimani. Wewe ndiye unayewapokea watu wa huko. Sina haja ya kukueleza."

Kweli hakuwa na haja. Kupitia ukuta wa mbao walimsikia bibi Sinyati akiuliza jina la mjukuu mmoja, akijibiwa kwa upole, kisha akiuliza tena lile lile.

Mwantumu alisogea mbele. "Wapo watu wengi ambao hawajaamua, Daktari. Hao hawatamsikiliza waziri wala askofu. Watakusikiliza wewe, kwa sababu wanajua unamchukia. Tunaomba sentensi tatu tu. *Ninamwamini Rais Lwitiko. Ni kiongozi mwema. Nitampigia kura.*"

"Ya kwanza tu itawaka nyekundu."

Mwantumu alifungua mkoba, akatoa kidonge cha rangi ya maziwa kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha. "Ukimeza hiki kabla ya kupanda, moyo unatulia. Shahidi hasikii kitu."

"Nakijua," alisema Nakijwa. "Ninawapa watu ninaokwenda kuwakata miguu."

Rais alisimama, akajipangusa nyuzi za pamba kwenye suruali.

"Na Kiangi atatoka kesho," alisema. "Utakwenda kumchukua mwenyewe kwa gari langu."

Kwa muda wote ule Nakijwa alikuwa amejiandaa kwa vitisho, na kwa matusi. Hilo hakuwa amejiandaa nalo.

"Nipeni mpaka kesho," alisema.

*

Mchana huo huo alimpigia simu Jaji mstaafu Desderi Makungu. Mzee yule ndiye aliyemtetea Kiangi bila kuomba chochote, mpaka mahakama ilipoamriwa kulifunga jalada. Sura yake ilipotokea kwenye kioo cha simu, Shahidi alikuwa shingoni mwake. Alikuwa na desturi ya kumvaa hata nyumbani, hata akizungumza na wajukuu.

"Binti yangu," alisema Jaji. "Nimesikia helikopta ilikuja huko."

"Habari zinakimbia, mzee. Naomba nikuulize jambo moja. Ukishinda, utasaini?"

"Nitasaini." Taa ikawaka nyeupe. "Kila wiki tunazika watoto wasioota hata ndevu. Mwaka mmoja zaidi na nchi hii itakuwa ya wajane watupu. Nitasaini hata kalamu ikinichoma vidole."

"Na watu wa Ng'ambo?"

"Mkataba una kifungu. Kaskazini wameahidi usalama wa raia."

"Unaamini watatimiza?"

Jaji alivua miwani akaifuta kwa shati, na Nakijwa akaona kwamba mzee hataki kutazama kamera.

"Natumaini," alisema hatimaye. Taa ilicheza, nyeupe, nyekundu, nyeupe, haikujua ikae wapi.

"Leo nimemtoa bibi mmoja vioo mgongoni, mzee. Alikuwa kwenye mstari wa pili."

"Nina hesabu ya makaburi tu, binti yangu, na wewe una yako. Kila mmoja wetu ataacha watu wafe." Akavaa miwani. "Ukimsaidia Lwitiko hatakushukuru. Na Kiangi atabaki mikononi mwake. Hilo umelifikiria?"

"Amesema atamtoa."

Jaji akasema kwa sauti ya chini, "Basi kamchukue ndugu yako. Mimi sitakulaumu." Taa ilikuwa nyeupe kabisa.

Simu ilipokatika, Nakijwa alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mahali wauguzi walipoanika mashuka. Alimkumbuka Kiangi siku ya kumzika baba, amevaa koti kubwa la marehemu, akikataa kulivua hata jua lilipowaka. Kisha akamkumbuka bibi Sinyati. Alijaribu kuwapima kwenye mizani moja, akaona aibu kwamba amejaribu.

Ilikuwa jioni alipompigia Mwantumu.

"Nitasema," alimwambia. "Bila kidonge. Na Kiangi msimtoe."

"Umesemaje?"

"Msimtoe kwa ajili yangu. Siku atakapotoka, atoke kwa sheria. Mkimtoa kesho, mtu atasimama pale uwanjani aniulize nimelipwa nini. Nikisema sikulipwa, taa itanisuta. Nikinyamaza, ndiyo kabisa. Hamtapata kura hata moja, na Ng'ambo itakuwa imekwenda."

"Wewe mwanamke," alisema Mwantumu, "una moyo wa namna gani?"

Nakijwa alikata simu. Alikwenda kwenye sinki la chumba cha upasuaji, akaosha vyombo vya kesho kimoja kimoja.

*

Kulikuwa na jambo jingine lililomnyima raha. Zamani, Kiangi alipokamatwa, Nakijwa alitoa ushahidi mbele ya tume, akasema mambo mengi. Televisheni ya taifa ilirusha maneno yake manne tu: *Askari walikuja na hati.* Taa nyeupe. Yaliyofuata, kwamba hati ile haikuwa na jina wala tarehe, hayakuonekana popote.

Haikuwa uvunjaji wa sheria. Shahidi hupiga muhuri kila sentensi peke yake. Msemaji akinyamaza kidogo na sauti yake ikashuka, mashine huhesabu kuwa amemaliza, muhuri unafungwa, na sentensi hiyo inakuwa kitu kizima. Wahariri wanaweza kuchagua sentensi wanazotaka na kuziacha wasizozitaka. Hawawezi kuikata sentensi katikati. Wakijaribu, muhuri hufa, na kila kioo nchini huonyesha alama nyeusi badala ya picha.

Nakijwa alijua watakachofanya. Angesema *Simpendi*, nao wangeitupa. Angesema *Nitampigia kura*, nao wangeirusha kutwa.

Kwa hiyo siku ya mkutano, ndani ya gari lililompeleka mjini, hakuzungumza na mtu. Alitazama mashamba yaliyoungua, midomo yake ikicheza kidogo. Dereva alidhani anasali.

*

Uwanja wa Gwaride ulikuwa umejaa. Watu walisimama na watoto mabegani, macho yao yakienda jukwaani na mawinguni kwa zamu, kwa sababu ndege za adui zilikuwa zimeshapiga mikutano miwili. Rais alikaa kwenye kiti cha mbao, Shahidi wake mwenyewe kooni. Mwantumu alisimama kando ya fundi wa sauti, mkono wake karibu na swichi.

"Sentensi zako ni zipi?" Mwantumu alimuuliza Nakijwa wakati akimfunga utepe shingoni. Chuma kilikuwa baridi, na sindano zake nyembamba ziliuma kama siafu.

"Ni moja tu."

"Moja inatosha," alisema Mwantumu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nakijwa alisogea kwenye maikrofoni. Uwanja ulinyamaza. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Mimi Nakijwa Mshana, ambaye mdogo wangu Kiangi amefungwa bila kesi na huyu Fabiani Lwitiko aliyekaa nyuma yangu, mtu nisiyempenda wala nisiyemwamini, ambaye nimemwita dikteta na leo sijalifuta neno hilo—"

Uwanja ulilipuka. Wengine walishangilia, wengine walizomea, na kelele zile zilimjia kifuani kama wimbi. Angengoja zitulie, muhuri ungefungwa. Alinyakua pumzi fupi kwa pembe ya mdomo, hakuiacha sauti ishuke, akapanda juu ya kelele.

"—nitampigia kura Jumapili, si kwa sababu amebadilika, bali kwa sababu mikono hii imewatoa vioo na risasi watu wa Ng'ambo waliopangwa mistari na majeshi ya Kaskazini, na najua kwamba mpinzani wake, mtu mwema kuliko yeye na kuliko mimi, atasaini karatasi itakayowaacha wengine wote kwenye mistari hiyo—"

Kwa jicho la pembeni alimwona Mwantumu akielewa. Mkono wa mwanamke yule ulishika swichi. Na alimwona Rais akiinua kidole kimoja, bila kugeuza kichwa, kumzuia. Lwitiko alikuwa akiutazama umati, na umati ulikuwa ukiitazama shingo ya Nakijwa, na taa ilikuwa nyeupe. Mapafu yalikuwa yakimwaka. Macho yalianza kumwingia giza pembeni.

"—nami nawaomba mfanye kama mimi hata kama mkono utawatetemeka, kisha siku vita vitakapokwisha tukutane hapa hapa tumwondoe kwa kura zile zile, na akikataa kuondoka, mimi nitatangulia mbele."

Akanyamaza. Shahidi alilia mlio mdogo, kama nyenje. Muhuri ulikuwa umefungwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Kutoka karibu na uzio sauti ya mwanamume ilipaa: "Wamekulipa nini, Daktari?"

"Sikulipwa."

Nyeupe.

"Na ndugu yako yuko wapi?"

"Yuko gereza la Kilima Chumvi," alisema. "Yuko ndani mpaka sasa."

Nyeupe. Mwanamume yule alivua kofia, akabaki ameishika kifuani. Mwanamke aliyesimama jirani yake alianza kulia. Watu wakaanza kuondoka kimya kimya, wakizungumza wawili wawili, na hotuba ya Rais iliyofuata haikusikilizwa na wengi.

Ndani ya gari Mwantumu aliubamiza mkoba kitini kwa hasira. "Umetufunga kamba! Haiwezi kukatwa! Nirushe nini mimi?"

"Irushe nzima," alisema Rais kutoka kiti cha mbele. Alikuwa amechoka sana. "Hatuna nyingine."

*

Waliirusha nzima. Waliitangulizia ngoma za jeshi na kuimalizia kwa wimbo wa taifa, lakini ndani yake hawakuweza kugusa hata silabi. Jumapili ile watu walipiga kura ving'ora vikilia, na Lwitiko akashinda kwa tofauti ndogo mno kiasi kwamba kura zilihesabiwa upya kabla ya kutangazwa. Majeshi ya Kaskazini yaliganda milimani, hayakuteremka tena hadi mtoni. Vita viliendelea mwaka ule wote na sehemu ya mwaka uliofuata, na makaburi aliyoyasema Jaji yalichimbwa kweli. Hidaya alimzika kaka yake, akarudi kazini siku ya pili, na kwa miezi mingi hakuzungumza na Nakijwa ila habari za wagonjwa tu. Hatimaye adui alichoka. Ng'ambo ilibaki.

Jaji Makungu alimtumia ujumbe siku ya matokeo: *Nimekusikia, binti yangu. Sikuchukii. Nadhani umekosea.*

Kiangi hakuachiwa. Rais hakuona haraka, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Mtu aliyemtoa mwishowe ni Jaji yule yule. Alilifufua jalada, akaingia mahakamani na ile sentensi yenye muhuri, akawaonyesha majaji watano mahali inaposema *amefungwa bila kesi*, na nyuma ya msemaji Rais akiwa ameketi, amevaa Shahidi, asikanushe. Baada ya mabishano marefu, mahakama iliivunja Amri ya Utulivu. Milango ya Kilima Chumvi ikafunguliwa, na Kiangi akatoka pamoja na wenzake mia na kitu.

Alifika Igomvu kwa miguu asubuhi moja, amebeba viatu mkononi. Alikuwa amekonda kiasi kwamba Hidaya alimpeleka moja kwa moja kwenye foleni ya wagonjwa, asijue ni nani.

Nakijwa alimkalisha kwenye kitanda cha kupimia. Hawakukumbatiana. Alimwekea kipimo kifuani.

"Vuta pumzi."

Kiangi alivuta, akakohoa muda mrefu. Upande wa kushoto, chini, Nakijwa alisikia kile alichoogopa kukisikia.

"Kifua kikuu," alisema. "Kinatibika. Lakini kimekaa."

"Kilinianza mwaka huu. Tulilala wengi, hewa hakuna." Akafuta mdomo. "Siku ile ya hotuba yako walitufungulia redio gereza zima. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Wenzangu wakaniuliza, huyo siye dada yako? Nikawaambia namjua kwa jina tu."

Nakijwa alikikunja kipimo, akakiweka mfukoni.

"Baada ya uchaguzi alikuja mwanamke mmoja mrefu kuniona," aliendelea Kiangi. "Aliniambia jambo, nikamwita mwongo, nusura nipigwe. Alisema ningetoka kabla ya kura, kwa sentensi tatu na kidonge. Ukakataa wewe."

"Hakusema uongo."

Alimtazama dada yake kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo mzito. Nje, machela zilikuwa zikipitishwa, na mtu alikuwa akiimba huku akipiga deki.

"Wakati huo kifua changu kilikuwa kizima," alisema.

"Najua."

"Na hao watu wa Ng'ambo?"

"Wapo. Wameanza kulima. Juzi walituletea maboga."

Kiangi alitikisa kichwa kwa muda. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini hayakudondoka.

"Ingekuwa wewe ndiye uko ndani, dada, mimi ningekubali. Ningemeza hicho kidonge chao. Ningesimama pale niseme Lwitiko ni mtume. Watu wa mto wangejijua wenyewe."

"Najua, Kiangi."

"Nilitaka usikie kutoka kwangu."

"Nimesikia."

Kiangi alichukua shati lake, akalivaa, akaanza kufunga vifungo. Vidole vilimsumbua. Nakijwa alinyoosha mkono kumsaidia, akaurudisha. Alipofika kifungo cha mwisho, Kiangi alikichukua kifuko cha dawa kilichokuwa mezani, akakigeuza-geuza.

"Hizi ninameza kabla ya kula au baada?"

"Baada," alisema Nakijwa. "Ngoja nikakupikie."